Leseni ya Kuzika Isipewe Kila Mwenye Gari na Majeneza

Kuna kazi ambazo watu huzihitaji sana lakini hawapendi kuzitaja mezani. Kazi ya kuhudumia maiti ni mojawapo. Kijana akisema kwamba anataka kuwa rubani au daktari, wazazi wake huwaita majirani waje wasikie. Akisema kwamba anataka kusomea kazi ya mazishi, mama hushika kichwa na baba huuliza ni pepo gani aliyemwingia mwanawe. Hata kuposa atataabika, maana wakwe watataka kujua mikono hiyo hushika nini mchana kutwa.

Na hali kila mmoja wetu ipo siku atapita katika mikono hiyo, wala siku hiyo hatakuwa na kinywa cha kulalamika. Mwosha huoshwa, walisema wazee. Ndiyo sababu leo twauliza swali moja: mtu huyu tunayemkabidhi baba zetu na mama zetu, nani amempima? Huko Marekani swali hilo lina jibu. Yuko anayempima, na upo mtihani. Twaona yafaa msomaji aujue mtihani huo, jinsi ulivyo na jinsi watu wanavyojitayarisha kuufanya, kwa kuwa Wakenya wengi wanaishi huko, na anayefariki huko kwa kawaida hupita kwanza kwa watu wenye leseni hiyo ndipo arudishwe nyumbani kuzikwa. Tena twalisema kwa kuwa hapa kwetu jambo lenyewe limeachwa kando mno.

Wamarekani hawakuanza na leseni. Zamani mambo yao yalikuwa kama yetu: mtu akifa aliogeshwa na jamaa zake, akalazwa sebuleni kwake, na seremala wa mtaa akampima na kumchongea jeneza. Yaliyogeuza desturi hiyo ni vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865. Vijana walikufa mbali na makwao, na wazazi wenye uwezo walitaka miili irudi. Hapo wakatokea watu kama Thomas Holmes, ambao walijua kupenyeza dawa katika mishipa ya damu ili maiti asiharibike njiani, wakafanya biashara kubwa. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwezi wa Aprili 1865, mwili wake ulitiwa dawa, ukasafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, safari ya karibu majuma mawili, na katika miji waliyosimama watu walipanga foleni kumtazama. Tangu hapo desturi ya kutia maiti dawa ikaenea, na waliokuwa wakiuza majeneza wakawa wenye nyumba za mazishi.

Biashara ikishakuwa na faida haikosi matapeli. Mwaka 1894 jimbo la Virginia likatunga sheria ya kuwataka watia dawa wawe na leseni, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Siku hizi, katika majimbo mengi, anayetaka leseni hana budi kusoma chuo cha kazi hiyo, kufanya kazi kwa muda chini ya mtu mwenye leseni, mara nyingi mwaka mmoja, na kufaulu mtihani. Mtihani wa taifa umegawanywa sehemu mbili. Moja huitwa ya sayansi na nyingine ya sanaa. Kila sehemu ina maswali 150 yanayohesabiwa, yote ya kuchagua jibu moja kati ya kadha, na alama ya kufaulu ni 75. Juu ya hayo, majimbo mengi humtahini mtu sheria za jimbo lenyewe, kwa kuwa linaloruhusiwa upande mmoja wa mpaka huenda likakatazwa upande wa pili.

Sehemu ya mwili

Watu wa nje hudhani kwamba sayansi ndiyo mtihani wote. Kweli si nyepesi. Mtahiniwa hana budi kuijua mishipa ya damu kama dereva wa matatu anavyozijua njia za mtaa wake: mshipa gani mkubwa wa shingo hupokea dawa, na upi hutoa damu nje. Ajue kwa nini mwili hupoa, hukauka ukawa mgumu, kisha ukalegea tena, na mambo hayo hubadilika vipi mahali penye joto. Ajue vijidudu vinavyoendelea kuishi katika mwili hata mwenyewe akiwa ameshakufa.

Ajue pia kujikinga. Dawa inayotumika zaidi ni ile wanayoiita formalini, nayo ndiyo ile harufu kali inayomkaribisha mtu machozi mlangoni mwa chumba cha maiti hata kabla hajamwona aliyemfuata. Sheria ya kazi ya Marekani haimruhusu mfanyakazi kuvuta hewa yenye zaidi ya sehemu 0.75 za mvuke huo katika sehemu milioni moja za hewa, ikihesabiwa kwa wastani wa saa nane, na mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka mvuke huo katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Tukikumbuka vyumba vingine vya maiti tulivyoviona hapa nchini, dirisha moja dogo na mfanyakazi asiye na glavu za maana, twaona kwamba swali hilo moja tu la mtihani lingeokoa mapafu ya watu wengi.

Halafu kuna somo la kurudisha sura. Hili ni ufundi hasa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ukipima uso kutoka nywele zinapoanzia hadi kwenye nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi mwisho wa kidevu, vipimo hivyo vitatu hukaribia kuwa sawa. Na upana wa uso ni kama upana wa jicho mara tano. Mtu akigongwa na lori hata uso ukaharibika, fundi huitengeneza pua au sikio kwa nta, akifuata vipimo hivyo na picha iliyoletwa na jamaa. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba jeneza halitafunguliwa, basi tunakwenda kaburini tukiwa na shaka ndani ya moyo. Mama aliyeuona uso wa mwanawe mara ya mwisho na mama aliyenyimwa si mamoja.

Sehemu ya walio hai

Lakini kwetu sisi, sehemu ya pili ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Inahusu hesabu za biashara, mikataba, fedha ambazo watu hulipa mapema kwa ajili ya mazishi yao wenyewe, desturi za dini mbalimbali, namna ya kuzungumza na mfiwa, na sheria. Yaani nusu nzima ya mtihani wa kazi ya maiti haihusu maiti. Inahusu mjane aliyeketi upande wa pili wa meza, ambaye hajalala siku tatu, na ambaye atatia sahihi karatasi yoyote utakayomsukumia.

Hebu tutazame swali la namna hii: mtu amekufa, ameacha mke, watoto wakubwa watatu na ndugu zake wa kiume, na kila upande wataka kumzika mahali pake. Nani ana haki ya kutia sahihi? Mtahiniwa wa Marekani hana ruhusa ya kusema kwamba ni yule mwenye sauti kubwa. Katika majimbo mengi sheria imepanga foleni: kwanza yule ambaye marehemu mwenyewe alimtaja kwa maandishi, kisha mume au mke, kisha watoto waliokwisha kuwa watu wazima, kisha wazazi, na kuendelea.

Wakenya hatuna haja ya kueleza uzito wa swali hilo. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga huko Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987, miezi mitano tangu kufa. Muda wote huo mwili ulikuwa katika chumba cha maiti jijini Nairobi. Magazeti yaliandika habari za mawakili, mahakimu, wazee wa ukoo na mjane. Wale waliouhifadhi mwili ule miezi mitano hawakuandikwa. Laiti tungewauliza nao wangelikuwa na ya kusema.

Sasa msomaji afikirie Mkenya anayefia Texas au Minnesota, ndugu zake wakiwa Nyamira na mkewe yuko naye huko. Msimamizi wa mazishi wa huko atafuata foleni ya jimbo lake, si mila ya Nyamira. Ndugu watapiga simu usiku na mchana, watakasirika, watasema wamedharauliwa. Hawajadharauliwa. Mtu yule alijibu swali hilo katika mtihani, na akilijibu vingine kazini atanyang'anywa leseni. Afadhali watu wetu walioko huko waandike mapema ni nani wanayemtaka atie sahihi, hata kama kuandika jambo kama hilo kwetu huonekana ni kujiitia kifo.

Bei ni jambo lingine. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kinachoitwa The American Way of Death, akawaanika wenye nyumba za mazishi na jinsi walivyokuwa wakiwapandishia wafiwa gharama. Watu walighadhibika. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini mwaka 1984 sheria ya Tume ya Biashara ya serikali kuu ikaanza kazi. Kwa sheria hiyo, mfiwa akifika kuulizia mazishi hana budi kupewa orodha ya bei iliyochapishwa, kila kitu na bei yake mbali mbali, na aende nayo nyumbani. Akiuliza kwa simu ajibiwe. Asidanganywe kwamba serikali inalazimisha maiti kutiwa dawa ikiwa hailazimishi. Na akinunua jeneza mahali pengine, nyumba ya mazishi ilipokee bila kumtoza ada kwa sababu hiyo.

Mambo hayo yote hutokea katika mtihani, na yafaa kila kamati ya mazishi ya Wakenya walioko huko iyajue. Mara nyingi twasikia harambee ikifanywa kanisani ili mwili urudi nyumbani, watu wakichanga hata fedha za kodi ya nyumba, na mwenyekiti akitaja jumla moja tu bila maelezo. Orodha hiyo ni haki yao. Waiombe, waisome mstari kwa mstari, wajue dawa ni kiasi gani, jeneza kiasi gani, na nauli ya ndege kiasi gani.

Kujitayarisha

Mtu hujitayarishaje kwa mtihani wenye nyuso mbili namna hii? Wengi hufanya kosa ambalo watoto wetu hufanya wakati wa mitihani ya shule: hununua kijitabu cha maswali na kukariri majibu. Kukariri kutamsaidia mtu kutaja majina ya mifupa, hakutamsaidia swali likigeuzwa. Afadhali aanze na nusu anayoiogopa. Aliyetoka hospitali kwa kawaida huzipuuza hesabu na sheria akidhani ni mambo ya makarani, kumbe ndiko anakoangukia. Aliyetoka katika biashara ya jamaa yake, ambaye amewaona wafiwa tangu utotoni, hudhani anaijua kazi, kisha akakwama kwenye kemia.

Hesabu na zifanywe kwa mkono, karatasi kwa karatasi, mpaka mwanafunzi aweze kutofautisha fedha za nyumba ya mazishi na fedha za watu wengine alizoshikilia tu, kama za mchimba kaburi au za tangazo la gazeti. Sheria naye amweleze mtu asiyeijua, mkewe au rafiki yake, kama vile anamweleza mfiwa. Ukishindwa kumwelewesha mtu mwenye utulivu, utamwelewesha nani aliyefiwa jana? Na yapo maswali madogo ambayo mtu akiyakosa katika karatasi hupoteza alama moja, akiyakosa kazini huleta balaa. Kwa mfano, marehemu anapochomwa moto, kile chombo cha betri kinachowekwa kifuani kusaidia moyo lazima kitolewe kwanza, maana betri hulipuka ndani ya tanuri. Zaidi ya nusu ya maiti wa Marekani siku hizi huchomwa, kwa hiyo hilo si swali la kubahatisha.

Atauliza mtu: je, mtihani humfanya tapeli awe mwaminifu? La. Mwaka 2002, katika kijiji cha Noble, jimbo la Georgia, ziligunduliwa maiti 334 ambazo zilipelekwa kuchomwa na hazikuchomwa; nyingine zilitupwa msituni. Nyumba za mazishi zilizozipeleka huko zilikuwa katika majimbo yenye mitihani na leseni zake, lakini tanuri lenyewe lilikuwa likifanya kazi bila leseni. Mtihani bila mkaguzi ni karatasi ya kupamba ukuta.

Hata hivyo tazama kinyume chake. Jimbo la Colorado liliondoa leseni ya wasimamizi wa mazishi mwaka 1983, kwa fikira kwamba soko litajirekebisha lenyewe. Kwa miaka 40 mtu yeyote aliweza kufungua nyumba ya mazishi huko, hata akiwa hajawahi kusoma ukurasa mmoja. Mwezi wa Oktoba 2023, katika mji mdogo wa Penrose, harufu iliwaongoza maofisa hadi kwenye jengo moja ambamo miili karibu 190 ilikuwa inaoza, mingine tangu mwaka 2019. Kulikuwa na jamaa waliokuwa wamepewa unga wa zege wakaambiwa ndio majivu ya wapenzi wao, wakauweka kabatini na kuulilia. Mwaka 2024 jimbo hilo likatunga sheria ya kurudisha leseni, ianze kulazimishwa mwaka 2027, na wale waliokuwa kazini tayari wakatengenezewa njia ya kuhesabiwa uzoefu wao. Miaka 40 ya kujifunza jambo ambalo Virginia ililijua mwaka 1894!

Turudi kwetu. Wako watakaosema mambo haya ni ya kigeni, kwamba Mwafrika hahitaji mtihani ili kumzika mwenzake. Twawauliza: Mwafrika yupi? Wakikuyu wa zamani waliogopa sana kugusa maiti, na aliyemgusa hakurudi kwa watu mpaka atakaswe. Pwani nako mambo yalikuwa na bado yako vingine. Kule mwosha hakurupuki tu. Hukaa kwanza nyuma ya wazee, akachota maji, akatazama, akajua ya kwamba mwanamume huoshwa na wanaume na mwanamke na wanawake, isipokuwa mume na mke. Maji ya majani ya mkunazi kwanza na ya kafuri mwisho. Sanda tatu za mwanamume na tano za mwanamke. Na zaidi ya yote akajua kufunga kinywa: aliloliona katika mwili wa marehemu halitoki nje ya chumba kile. Mtu asiyejua hayo hupewa kata ya maji akaambiwa asimame pembeni. Huo si mtihani? Ni mtihani, ila hauna karatasi. Na lile la kufunga kinywa limo hata katika masomo ya Wamarekani.

Taabu yetu ni kwamba mtaa wa mjini hauna wazee wale. Mji umewakusanya Waluo, Waislamu, Wahindi, Wakamba na Wamaasai katika chumba kimoja cha maiti, chini ya mfanyakazi mmoja ambaye mara nyingi alifundishwa kazi na mwenzake aliyemtangulia, naye akafundishwa na mwingine. Anayejua anajua, na asiyejua hajulikani. Kando ya lango la hospitali, magari ya kubeba maiti yamepangwa pamoja na majeneza, na mwenye gari humdaka mfiwa kabla hajafuta machozi, akamtajia bei kwa kumwangalia viatu. Siku ya pili bei ni nyingine. Hakuna orodha ukutani, wala hakuna wa kumwuliza.

Tunalotaka si gumu. Wizara ya Afya na iandae mtihani mmoja wa taifa, wenye nusu ya mwili na nusu ya walio hai, na asiyeufaulu asisimamie chumba cha maiti wala nyumba ya mazishi. Sheria ya orodha ya bei na ije pamoja nao. Wale waliokwisha kufanya kazi hii miaka 15 au 20 wasifukuzwe. Wamewabeba wafu wetu wakati sisi tulipokuwa tunawakwepa katika basi. Wapewe miaka michache ya kujitayarisha, wapewe glavu na madirisha wakati huo huo, na mtihani uandikwe kwa Kiswahili pia. Asiyejua kuandika na aulizwe kwa mdomo, mbele ya daktari, mwanasheria na mwosha mmoja kutoka Pwani.